Kuishi Ottawa kwa Misimu Minne: Mwongozo Kamili wa Mgeni, Wikendi kwa Wikendi

Nilitua Ottawa, mji mkuu wa Kanada, katikati ya Novemba na koti la ngozi nililolinunua Tanga kwa mbwembwe. Muuzaji aliniapia kuwa ni "la Ulaya kabisa". Siku ya tatu nikasimama kituoni dakika ishirini na tano nikisubiri basi, miguuni raba, masikio wazi. Basi lilipofika vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikashindwa hata kutoa kadi mfukoni; dereva akanipungia mkono nipite tu. Nikakaa kiti cha mbele nimeyashika masikio kama mtoto aliyezabwa makofi. Baridi niliyokuwa naijua mpaka siku ile ni ya Lushoto mwezi wa saba, ile inayotulizwa na chai ya tangawizi.

Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko la koti: nikajifungia ndani. Kazini, nyumbani, kazini, nyumbani, hadi Machi. Wengi tunaofika huku tunafanya hivyo, na nina hakika ndilo linalowachosha watu kuliko baridi yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kutoka nje: uvae nini, uende wapi, lini, na nini cha kuogopa kweli.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Shuleni tulifundishwa vuli na masika, lakini mwambie mtu wa Tanga "vuli" uone kama hatafikiria mvua. Hapa nitasema baridi, machipuko, joto na mapukutiko. Baridi huingia Novemba na huweza kung'ang'ania mpaka Aprili. Misimu mingine mitatu hugawana kilichobaki.

Hatua ya 1: Mavazi, kabla ya jambo lingine lolote

Usinunue koti la baridi nyumbani. Njoo na sweta mbili za kukufikisha, ununue huku. Na usikimbilie dukani kwenye vitu vipya: maduka ya mitumba yapo, makubwa kama maghala, Value Village na yale ya Salvation Army. Sisi tuliokulia kwenye mitumba tuna utaalamu ambao wenyeji hawana. Kagua zipu, geuza kola, nusa kwapa. Tofauti ni kwamba huku unachagua kabla beli halijafungwa. Koti langu la sasa nililipata kwa dola 40.

Vaa kwa tabaka tatu. La kwanza hugusa mwili: fulana nyembamba ya mikono mirefu na suruali ya kubana ya ndani, za sufu au nailoni. Pamba iache, kwa sababu inanyonya jasho na kukaa nalo, na jasho likipoa nawe unapoa. Tabaka la pili ni sweta nzito. La tatu ni koti linalozuia upepo, lenye kofia, linalofika mapajani. Ukiwa na hizi tatu unaweza kuvua moja ndani ya basi, maana mabasi na maduka huwa moto kama Dar mwezi wa kwanza.

Mabuti yawe makubwa kidogo kuliko mguu wako. Vidole vikibanwa damu haipiti, na hapo hata soksi tatu hazisaidii. Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja zina joto kuliko zenye vidole vitano. Za mtoto zifunge kwa uzi mrefu unaopita ndani ya mikono ya koti, la sivyo utanunua jozi kila wiki. Shuleni mtoto atahitaji pia suruali ya theluji, na viatu vingine vya ndani vya kuacha shuleni. Watoto hutolewa nje mapumzikoni hata kukiwa na baridi kali, usishtuke.

Utabiri wa hali ya hewa hutoa namba mbili: joto lenyewe, na jinsi mwili utakavyolihisi upepo ukivuma. Fuata ya pili. Hasi 20 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili huihisi kama hasi 33, na katika hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwenye ngozi nyeusi dalili si wekundu unaoonyeshwa kwenye mabango. Ngozi hupauka kama iliyopakwa majivu, kisha inakufa ganzi. Ukiona hivyo ingia ndani, weka mahali hapo kwenye maji ya uvuguvugu, usisugue, na usikaribie moto.

Hewa ya ndani nayo hukauka mno kwa sababu ya mashine za kupasha joto. Midomo itapasuka na pua inaweza kutoa damu. Losheni ya maji maji haitoshi. Rudi kwenye mafuta ya nazi au Vaseline, upake ukitoka kuoga kabla hujakauka vizuri.

Barabarani kuna theluji na kuna barafu, na adui ni barafu. Theluji unaiona. Barafu nyembamba juu ya lami huioni mpaka uko chini na mfuko wako wa unga umepasuka. Tembea kama bata: hatua fupi, nyayo bapa, mikono nje ya mifuko. Chumvi wanayomwaga njiani huacha madoa meupe kwenye mabuti, na huyaharibu. Yafute kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo. Na mlangoni kwa mtu vua viatu. Hapo desturi yao na yetu zinafanana.

Hatua ya 2: Saa na giza

Desemba jua huzama saa kumi na dakika ishirini jioni. Unaingia kazini alfajari, unatoka ni usiku. Juni linakaa mpaka karibu saa tatu usiku, na watoto hawakubali kwenda kulala kwa sababu "bado mchana". Kwa Waislamu hili si jambo dogo: waliofunga hapa Juni 2016 walishinda saa 17 na ushei bila maji, ilhali miaka hii Ramadhani imesogea kwenye baridi na mchana wake hautofautiani sana na wa nyumbani.

Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kusogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Hapo ndipo simu za nyumbani huvurugika. Wakati wa baridi Tanzania na Kenya wametutangulia saa 8, majira mengine saa 7. Kwa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi toa moja. Ukipiga ukitoka kazini saa kumi na moja jioni, mama yako anaamka saa saba usiku akidhani kuna msiba. Piga kabla ya kazi: saa moja asubuhi ya hapa wakati wa baridi ni saa tisa alasiri ya kule, ameshakula na kupumzika.

Dhidi ya giza dawa ninayoijua ni kutoka mchana, hata dakika ishirini za saa ya chakula. Ukiona usingizi, uzito na huzuni vinakaa wiki nzima, mwambie daktari. Analijua tatizo hilo na hatakushangaa. Kwa ushauri wa afya kwa simu, jimbo letu lote la Ontario namba ni 811. Dharura ni 911.

Hatua ya 3: Jiko lako

Unga wa sembe upo maduka ya Waafrika. Soma pakiti: kuna unga mweupe wa mahindi yaliyokwisha kupikwa, wanaoutumia watu wa Venezuela. Nilisonga nao mara moja, nikapata kitu cha kuzibia dirisha. Nazi iliyokunwa na mihogo iliyomenywa vipo kwenye friza za maduka ya Wafilipino na Wahindi. Nyama ya mbuzi ya halali utaipata kwa Wasomali na Walebanoni, ambao wako wengi hapa. Mwaka 2024 baraza la jiji liliitangaza Ottawa kuwa makao makuu ya shawarma ya Kanada, na kwa hilo sina ubishi.

Kisamvu usikiulizie kwa jina hilo. Duka ninalokwenda mimi muuzaji ni mama wa Bukavu, na siku ya kwanza tulizungushana sana mpaka akafungua friza. "Aah, sombe! Sombe iko, papa. Chukua mbili, kesho hatufungue." Hapo ndipo nilipojua kuwa Kiswahili cha jiji hili ninachokisikia mara nyingi ni cha Wakongo na Warundi. Wengi wao pia wana Kifaransa, na ng'ambo ya mto, Gatineau, ni Quebec, jimbo la Kifaransa. Wanapata kazi pande zote mbili. Kama una Kifaransa cha shule kifufue.

Onyo moja: usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, wala barazani ukiwa umefungua mlango, hata umeme ukikatika. Nyumba za huku zimezibwa upepo usipite, na moshi usioonekana wa mkaa huua watu usingizini. Nyama choma isubiri joto.

Hatua ya 4: Wikendi za baridi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Mfereji wa Rideau ulifunguliwa mwaka 1832, kilomita 202 kutoka Ottawa hadi Kingston. Baridi ikikaza, kipande chake cha kilomita 7.8 katikati ya jiji hugeuka njia ya kuteleza, bure kwa kila mtu. Kwa kawaida huwa ni Januari na Februari, lakini sasa hakuna uhakika: msimu wa 2022 hadi 2023 barafu haikushika vya kutosha, hawakufungua hata siku moja. Angalia bendera: kijani ingia, nyekundu rudi nyumbani. Na usikanyage barafu ya mto au ziwa lolote ambalo halijapimwa, hata ukiona nyayo za mtu.

Usianzie kwenye mfereji. Anzia kiwanja cha mtaani, ambacho watu wa kujitolea humwagia maji bustanini yakaganda. Viatu vya kutelezea, vile vyenye vyuma chini, nunua mitumba, ila vipeleke vinolewe. Kuvivaa kwenyewe ni kazi: legeza kamba yote mpaka chini, ingiza mguu wenye soksi moja nyembamba, gonga kisigino sakafuni mpaka kikae nyuma kabisa. Kisha kaza: vidoleni kiasi, kwenye kifundo cha mguu kwa nguvu zako zote. Kifundo kikilegea ndipo miguu inapinda kwa ndani kama ya ndama aliyezaliwa leo. Helmeti kichwani, mkubwa kwa mdogo. Piga magoti kidogo, tazama mbele, na ukianza kuanguka usipigane: jishushe, uangukie ubavu. Kuinuka, piga magoti, simamisha mguu mmoja, weka mikono miwili juu ya goti hilo, sukuma. Niliinuka hivyo mara kumi na moja siku ya kwanza. Binti yangu alikuwa anahesabu kwa sauti.

Ukishaweza, nenda mfereji asubuhi ya Jumapili kabla ya watu kujaa. Kuna vibanda juu ya barafu vinavyouza BeaverTails, kipande cha unga kilichonyooshwa kikakaangwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini. Ni andazi lililokanyagwa na gari, lakini ukiwa na njaa na baridi, ni tamu.

Siku za hasi 30 ingia makumbusho. Matunzio ya Taifa ya Sanaa na Makumbusho ya Historia hufungua bure Alhamisi jioni, na maktaba ya jiji huazima pasi za makumbusho kama inavyoazima vitabu. Kadi ya maktaba ni bure, itafute wiki ya kwanza. Ukishapata ukaaji wa kudumu, ndani ya miaka 5 ya mwanzo jiandikishe kwenye programu ya simu iitwayo Canoo. Inakuingiza bure sehemu nyingi nchi nzima.

Hatua ya 5: Machi na Aprili, msimu wa mgema

Theluji inageuka tope, kila kitu kina rangi ya kijivu, na ndipo watu hukata tamaa. Wikendi moja ya msimu huu nenda shamba la miti ya mepo (maple). Mtu wa pwani ataelewa mara moja anachokiona: ni ugema. Usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, maji ya mti hupanda. Wanatoboa shina, wanaweka mrija na ndoo. Onja yakiwa mabichi, ni kama maji ya dafu yaliyopoa utamu. Hayaleweshi. Yanachemshwa mpaka lita 40 hivi zibaki lita 1 ya asali nzito ya rangi ya chai. Nyanya yangu alikuwa akichemsha tembo tamu hivyo hivyo, na nilipofungua mlango wa kile kibanda cha mvuke nilisimama kizingitini, nikachelewa kuingia.

Watamwaga asali ya moto juu ya theluji safi, ikaganda, unaizungusha kwenye kijiti. Watoto hawatataka kuondoka. Kama huli nguruwe, uliza kuhusu maharage. Mara nyingi yamepikwa naye.

Hatua ya 6: Mei

Nenda ukaone maua ya tulipu bustani ya Commissioners, kando ya Dow's Lake. Treni ya njia ya 2 inakushusha karibu, na kiingilio hakuna. Kisa chake ni cha mkimbizi. Juliana, binti mfalme wa Uholanzi, alikimbilia Ottawa nchi yake ilipovamiwa na Wanazi. Januari 1943 akajifungua hapa, na Kanada ikatangaza kuwa vyumba vyake vya hospitali havihesabiwi kuwa ardhi ya Kanada, ili mtoto, Margriet, awe Mholanzi tu. Mwaka 1945 Uholanzi ilituma vitunguu 100,000 vya maua kushukuru, na hadi leo hutuma kila mwaka. Jirani yangu aliyekaa kambini Kigoma miaka tisa alinisikiliza nikimsimulia, akatazama yale maua, akasema: "Kwa hiyo na sisi siku moja tutume mihogo."

Bustani yako usipande nje kabla ya Siku ya Victoria, Jumatatu ya kabla ya Mei 25. Umande unaoganda unaweza kuua miche usiku mmoja. Mchicha na sukuma vinastawi vizuri sana joto likija. Kama huna ua, omba kipande kwenye bustani za jamii mapema, wakati bado kuna theluji.

Hatua ya 7: Joto

Juni mpaka Agosti huhitaji mwongozo mrefu. Nyama choma ni bustani ya Vincent Massey, yenye majiko ya kuchomea. Wikendi barabara kadhaa za kando ya mto hufungiwa magari zikaachiwa baiskeli. Stroberi unachuma mwenyewe shambani kuanzia katikati ya Juni. Sherehe za Julai 1, Siku ya Kanada, ukizipenda nenda kwa treni, gari utajuta.

Lakini mambo matatu yashike. La kwanza ni kupe. Hawa ni wadogo kama punje ya ufuta na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukienda porini vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, na ukirudi kagua nyuma ya magoti, kiunoni, na kichwani mwa watoto penye mistari ya nywele. Akishang'ata, mng'oe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Zile mbinu za mafuta ya taa na kiberiti ziache.

La pili ni maji. Kuogelea baharini Raskazone hakukufundishi ziwa la huku: chini kuna kina cha ghafla, na juu joto la maji hudanganya. Nenda fukwe zenye waokoaji, kama Mooney's Bay au Britannia, wakati wakiwa zamu. Kwenye boti jaketi la kuokoa maisha livaliwe. Likikaa chini ya kiti halimsaidii mtu.

La tatu ni samaki. Huwezi kutupa ndoano popote. Ontario mtu wa miaka 18 hadi 64 anahitaji leseni, na ukivuka kwenda Quebec leseni ni nyingine. Kuna siku chache za mwaka ambazo mkaazi huvua Ontario bila leseni. Hata hivyo idadi ya samaki unaoruhusiwa kubeba ina kikomo.

Hatua ya 8: Mapukutiko

Huu ndio msimu niupendao, na ndio pekee ambao koti langu la ngozi linafaa. Hupata wiki tatu zake za heshima kila mwaka.

Hifadhi ya Gatineau iko ng'ambo ya mto, dakika ishirini hivi kwa gari. Miti huanza kuwaka mwishoni mwa Septemba na kufikia kilele nusu ya kwanza ya Oktoba, ingawa upepo wa usiku mmoja unaweza kumaliza kila kitu. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Saa nne maegesho yamejaa na utazungushwa kama uko Kariakoo. Zunguka ziwa la Pink kwa miguu, kilomita 2.3. Usitafute maji ya waridi: jina ni la ukoo wa walowezi, na maji yenyewe ni ya kijani kibichi. Tabaka lake la juu na la chini hayachanganyiki, na chini kabisa hakuna oksijeni. Kuoga ni marufuku. Kisha panda hadi Champlain, mahali pa juu pa kutazamia mandhari, ukae ukutani utazame bonde. Beba chupa ya chai. Utakaa kuliko ulivyopanga.

Septemba pia ni ya kuchuma tofaa. Tafuta McIntosh, aina iliyogunduliwa Ontario hii hii, ni chachu kidogo na inakwenda vizuri na chumvi na pilipili, kama embe bichi. Wenye shamba watakutazama. Waonjeshe.

Baada ya hapo usingoje theluji ikukute. Oktoba wakusanye watoto uwajaribishe mabuti ya mwaka jana, maana miguu yao imekua. Mwenye gari, badilisha maji ya kioo yawe ya kuvumilia hasi 40, weka burashi, blanketi na koleo dogo nyuma. Matairi ya baridi Ontario hayalazimishwi, lakini ukiyafunga bima inatakiwa ikupunguzie. Gereji wapigie simu mapema mwezi huo. Ukisubiri theluji ya kwanza utaambiwa nafasi ipo baada ya wiki tatu, nawe utakuwa unakwenda kazini kwa mwendo wa bata, safari hii ukiwa ndani ya gari.